Sura ya Saba: Meno ya Melkior

Inspekta Theopista Kimario aliamka na hasira, akaoga nayo, akaja nayo kazini. Hakuwa mtu wa kununa bila sababu. Sababu ilikuwa imefungiwa mahabusu ya wanawake tangu Jumanne, jina lake Anyesi Njau, na kosa lake ni kumpikia mumewe.

Alipoingia kituoni alimkuta Kornel Njau, mdogo wake marehemu, ameegemea kaunta kana kwamba ni ya baa yake.

"Afande, kesho tunazika," Kornel alisema. "Naomba jambo moja tu. Huyo mwanamke asije akatolewa akaja kutuharibia msiba."

"Nani kakwambia atatolewa?"

"Nasema tu. Kaka yangu kapewa sumu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Dawa ya kahawa si niliwaletea hapa kwa mkono wangu?"

"Ulituletea mkebe wa mrututu."

"Ndiyo huo."

"Kwako hamna?"

Kornel alikuna shingo. "Upo. Tuna kahawa, afande, kila mtu kule Kirua anao."

"Basi kila mtu kule Kirua ana sumu. Ondoka kwenye kaunta yangu."

Kufa kufaana, walisema wahenga, na huyu hakujua hata kuficha. Maiti ya kaka yake ilikuwa bado haijatoka chumba cha baridi na tayari majirani walikuwa wamemwona akipita na panga kwenye kihamba cha marehemu, akikagua kahawa na migomba na kukata matawi yaliyovuka mpaka. Lakini tamaa ya shamba si ushahidi. Aliyemfunga Anyesi si Kornel. Aliyemfunga ni Daktari Eliakim Nkya, mkuu wa kituo cha utafiti wa magonjwa ya tumbo pale mjini, mtu wa suti na miwani ya dhahabu, ambaye maneno yake hakuna polisi aliyeyapima mara mbili.

Daktari alikuwa amesema hivi. Melkior Njau, mkulima, mmoja wa wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliojiandikisha kujaribiwa dawa mpya, alifika Jumanne asubuhi kwa ajili ya kipimo cha mpira, ule mpira mwembamba wenye kamera unaoshushwa kooni hadi tumboni. Kabla hajaguswa na mtu, akiwa kwenye benchi la kusubiria, akaanza kutapika, akaanguka, akafa. Daktari wa serikali aliyepasua mwili alikuta matapishi kwenye mapafu, hilo likaafikiana na maelezo. Daktari Nkya akaongeza kwamba kwa uzoefu wake ile ilikuwa sumu. Sampuli zikapelekwa kwa mkemia, na majibu ya mkemia huja yanapotaka kuja. Jioni ile ile mjane akakamatwa.

Theopista alikuwa amerithishwa jalada hilo jana. Alimtoa Anyesi mahabusu, akamketisha chumba cha mahojiano, akamwagizia chai ambayo mwanamke hakuigusa. Mezani palikuwa na bahasha kubwa ya kaki yenye vitu vya marehemu, ambayo kituo cha utafiti kiliileta jana baada ya kusumbuliwa sana kwa simu.

"Mama Stella, nataka unitambulie vitu hivi kimoja kimoja."

Mkanda. Rozari. Viatu. Shati jeupe lililokunjwa. Anyesi alilivuta shati karibu, akalinusa bila kuona haya.

"Ndilo alilovaa siku ile?"

"Ndilo. Nililipiga pasi mwenyewe."

Theopista alilikunjua. Lilikuwa na mkunjo wa kwapani na alama ya jasho kwenye kola. Kifuani lilikuwa jeupe tupu. Alilitazama mbele, akalitazama nyuma, akalirudisha mezani taratibu.

Kitu cha mwisho kilikuwa kikopo cha plastiki chenye mfuniko, kimebandikwa karatasi ya gundi yenye jina la Melkior kwa kalamu ya wino. Ndani mlikuwa na safu ya juu ya meno ya bandia, na maji kidogo. Anyesi alipoyaona alijifunika uso kwa khanga.

"Meno yake," alisema. "Nani aliyatoa?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Baba Stella hakuwa anayatoa mbele ya mtu, afande. Meno yake ya juu yaliharibika tangu ujana kwa haya maji yetu, akayang'oa yote. Alikuwa anaona aibu sana. Hata mimi mkewe ananigeuzia mgongo. Asingeyatoa kwenye benchi, watu wanamtazama."

Theopista alikifunga kikopo. "Asubuhi ile alikula nini?"

"Hakula kitu. Kule kwenye utafiti walimkataza. Tangu jioni hakugusa chakula, hata ndizi. Asubuhi alikunywa tu mtori, akashuka mjini."

"Mtori uliupika wewe?"

"Mimi. Tumbo lake lilikuwa halikubali kitu kigumu. Kila siku namsagia ndizi na nyama laini, anakunywa."

Theopista aliandika kama alivyosikia, wala hakuona cha ajabu, maana kwao ni Marangu na mtori ameukuta duniani.

*

Alipanda Kirua na gari la polisi. Nyumbani kwa marehemu turubai lilikuwa limeshasimamishwa, vijana wanachimba kaburi pembeni ya migomba, wanawake wanamenya ndizi. Mazungumzo yalikatika gari liliposimama. Theopista hakwenda kwa wanaume waliokuwa wameketi kwenye viti. Alizunguka nyuma ya nyumba, jikoni, ambako mama wa marehemu, Bibi Hilda, alikuwa amekaa kwenye kigoda peke yake.

"Shikamoo bibi. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta mkwe wangu?"

"Bado. Nimekuja kukuuliza kuhusu ule mtori."

"Uliza. Si ndio unaosemwa kila mahali."

"Nani aliunywa siku ile?"

"Sote. Sufuria moja. Stella alikunywa akaenda shule, mimi nikanywa, Anyesi akanywa mwisho."

"Wanasema sumu iliwekwa kwenye kikombe cha Melkior peke yake."

Bibi Hilda alimtazama kama mtu anayetazama mtoto anayetaka kumfundisha kumenya ndizi.

"Kikombe cha Melkior? Hakukimaliza. Alikunywa zaidi ya nusu, akasema kimemshinda. Mimi nilikichukua, nikakimalizia. Mtori wenye nyama haumwagwi nyumba hii. Mbona mimi niko hapa?"

Theopista alihisi damu ikimpanda kichwani.

"Hukuwaambia hayo polisi waliokuja?"

"Nani aliniuliza? Walikuja wakasimama pale na Kornel, wakaongea kiume, wakamchukua mwenzangu nikiwa nalia. Mimi ni kizee, nitauliza nini? Ruwa, Mungu wetu, anaona."

Ndiyo hivyo. Askari walikuja nyumba yenye msiba, wakaacha kumhoji mama aliyemzaa marehemu na kunywa naye mtori asubuhi ile, wakaondoka, wakategemea mkebe ambao kila mwenye mbuni anao. Theopista alijua majina yao. Mmoja alikuwa amepongezwa na bosi kwa kukamata haraka. Aliagana na bibi, akaenda hadi kwenye gari, akafunga mlango kwa kishindo hadi kuku wakatawanyika.

Sumu haikuwepo. Shati halikuwa na doa la matapishi. Na mtu aliyekuwa akimficha mkewe pengo lake alikuwa ametoa meno, au ametolewa. Aliyaweka hayo pamoja njia nzima ya kushuka.

*

Kituo cha utafiti kilikuwa jengo jipya lenye vigae na maua, na ukutani picha kubwa ya mkulima anayecheka akishika tumbo. Daktari Nkya alikuwa na wageni. Theopista aliambiwa asubiri, akaamua kusubiri kwa kutembea. Kwenye korido ya nyuma alikutana na muuguzi mwenye beji ya Yuditha, amebeba mashuka.

"Habari za kazi, sista. Mama yangu anataka kuja kwa kipimo cha mpira, anaogopa. Ana meno ya bandia. Mnayatoa wapi, hapa nje?"

"Hapana, mama. Anayatoa ndani, akishalala kitandani, kabla hatujampulizia ganzi kooni. Tunayaweka kwenye kikopo na jina lake yasipotee. Halafu ndio anachomwa sindano ya kumlegeza, halafu mpira. Mwambie asiogope."

"Na nguo?"

"Anabadili. Tunampa gauni."

Theopista alitoa kitambulisho. Yuditha alikisoma, mashuka yakamponyoka.

"Ulikuwepo Jumanne, sista?"

"Tuliambiwa tusiongee."

"Sijakuuliza mliambiwa nini."

Muuguzi aliokota mashuka moja moja, ili asimtazame. "Nilikuwepo," alisema hatimaye. "Tangu siku ile silali. Mashine ya kufyonza matapishi haikuwepo. Iliharibika, ikapelekwa kutengenezwa, nikasema tuahirishe. Daktari akasema wafadhili wanakuja kukagua, lazima tumalize watu wa wiki hii."

"Utayarudia hayo kwa maandishi?"

"Nitayarudia. Ila akijua nimesema, sina kazi."

"Mwenzako, mke wa marehemu, hana uhuru," Theopista alisema, na hakuwa na huruma ya kubakiza.

Daktari Nkya alimpokea ofisini kwa tabasamu la mtu mwenye shughuli nyingi. Alisifu polisi kwa kazi nzuri. Alieleza tena hadithi yake, na ilitoka vizuri kama mara ya kwanza.

"Kwa hiyo hakuingia chumba cha kipimo," Theopista alisema.

"Hakuingia. Maskini, hatukuwahi hata kumgusa."

"Alitapika akiwa amekaa kwenye benchi, amevaa shati lake."

"Ndiyo."

Theopista alilitoa shati kwenye bahasha, akalitandaza juu ya meza ya daktari, juu ya makaratasi yake. "Hili hapa. Nionyeshe alipotapikia."

Daktari alivua miwani. "Huenda alitapika pembeni."

"Huenda." Aliweka kikopo juu ya shati. "Na haya?"

"Tulimtoa meno wakati tunajaribu kumwokoa. Ni utaratibu, Inspekta. Unafungua njia ya hewa."

"Mtu anakata roho kwenye benchi. Mnamfungua kinywa, mnatoa meno yenye matapishi. Halafu mmoja wenu anaacha kumwokoa, anaenda kutafuta kikopo, anayaosha yanatakata hivi, anatia maji, anatafuta kalamu, anaandika jina kwa mwandiko wa kutulia, ndipo anarudi kwa mgonjwa. Hivyo ndivyo mnavyookoa watu?"

Daktari alivaa tena miwani yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia juu ya shati la mtu aliyemlegeza kwa sindano.

"Alilala kitandani kwako," Theopista aliendelea. "Alitoa meno kwa hiari kwa sababu aliambiwa ni lazima, na naamini lilimuuma kuliko sindano. Mkamlegeza. Mkashusha mpira. Yaliyokuwa tumboni yakapanda, yakaingia mapafuni, na mashine ya kuyafyonza haikuwepo. Popote nilipokosea unisahihishe."

"Nani kakwambia habari ya mashine?"

"Wewe, sasa hivi."

Daktari alinyanyuka, akaenda dirishani, akarudi. Alipozungumza tena ile sauti ya kupokea wageni ilikuwa imekwisha.

"Unajua ni watu wangapi wa mlima huu wanakufa kwa matumbo yao? Wanakuja wakiwa wameshakonda, saratani imeshafunga koo, tunawarudisha nyumbani wakafe. Mimi ndiye niliyepigania utafiti huu uje hapa. Kifo kimoja mezani, na wanafunga kila kitu. Dawa ile inafanya kazi, Inspekta. Ningepoteza watu maelfu kwa ajili ya mmoja ambaye tayari amekufa."

"Hukumpoteza huyo peke yake. Ulichukua na mkewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wewe ulimnyonga ukampa na kesi ya mauaji."

"Na yeye je?" Daktari alipandisha sauti. "Makosa yote ni yangu? Nilimuuliza mwenyewe kwa kinywa changu. Umekula? Akasema sijala. Nikarudia, umekula kitu chochote tangu jana? Akasema daktari, sijala. Tumbo lilikuwa limejaa! Mtu anakudanganya usoni, halafu uzembe uwe wangu?"

Theopista alikuwa ameshafungua kinywa kumjibu, akakifunga. Maneno ya Anyesi ya asubuhi yalimrudia, yale aliyoyaandika bila kuyasikia. Hakula kitu. Alikunywa tu.

"Hakukudanganya," alisema.

"Tumbo lilikuwa limejaa mtori!"

"Daktari, wewe ni wa wapi?"

"Machame. Kuna uhusiano gani?"

"Huko Machame, mtu akipewa bakuli la mtori anafanya nini nalo?"

"Ana…" Daktari Nkya alianza, akakatiza. Rangi ilimtoka usoni.

"Malizia."

"Anakunywa," alisema kwa sauti ndogo.

"Anakunywa. Kama anavyokunywa uji, kama anavyokunywa mbege. Kula ni kiburu cha ndizi, kula ni wali, kula ni kitu cha kutafuna. Ulimuuliza mzee wa Kirua kama amekula, naye akakujibu ukweli mtupu, mara mbili. Nani alilitunga swali hilo?"

"Lilikuja na mpango wa utafiti. Tukalitafsiri."

"Nani alilitafsiri?"

Daktari alikaa. Alitazama mikono yake. "Mimi."

Mwingereza angekosea hivyo, Theopista asingekasirika. Mtu wa pwani angekosea, ingeeleweka. Huyu alikuwa amelelewa kwa mtori, mama yake alimnywesha mtori kabla hajaota jino, na alipovaa koti jeupe akasahau kinavyoitwa kitendo hicho. Kusahau nako mtu husamehewa. Lakini alipouona ule mtori kwenye mpira wake, akijua umetoka chungu cha nani, akakaa kitini hiki hiki akaupa jina la sumu. Hilo hakulisahau, alilifikiria.

"Daktari Eliakim Nkya, vaa koti lako," alisema. "Unakuja kutoa maelezo ya kifo kilichosababishwa na uzembe, na ya kuwadanganya polisi. Wageni wako waambie watafiti kitu kingine leo."

*

Mkuu wa upelelezi, Afande Filemon, hakuipenda habari hiyo. Alizunguka, akataka wangoje mkemia, akasema daktari ni mtu mkubwa, akakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewapongeza vijana kwa kumkamata yule mama. Theopista aliweka mezani maelezo ya Yuditha na ya Bibi Hilda, akasema hatoki ofisini mle hadi mtu atie sahihi, na kwamba kesho watu wanazika na mjane atakuwa pembeni ya kaburi, akitaka asitake Kornel Njau. Filemon alimjua kwa ubishi. Alitia sahihi.

Jua lilikuwa bado juu Anyesi alipotolewa. Alivaa kandambili zake, akajifunga khanga upya. Theopista alimwongoza hadi uani kwenye gari, akaona si haki mwanamke huyu asikie habari za mumewe kwa watu wa turubai. Akamweleza. Kwamba hapakuwa na sumu yoyote, na dunia nzima itaambiwa hivyo. Kwamba daktari alisema uongo na sasa yuko ndani. Kwamba Melkior hakufia kwenye benchi, alikufa amelazwa, hakujua kinachomtokea.

Anyesi alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa ni nini kilichomuua, afande?"

"Alikuwa amelegezwa kwa sindano. Kilichokuwa tumboni kilipanda, kikaingia mapafuni. Walitakiwa kuwa na mashine, hawakuwa nayo. Walitakiwa kumuuliza vizuri, hawakumuuliza."

"Kilichopanda ni nini?"

Siku nzima Theopista alikuwa amewabana watu waseme, na kila mmoja alisema. Sasa alibanwa yeye, akatafuta neno lingine, akalikosa.

"Ni mtori, Mama Stella."

Anyesi alizungumza polepole, bila kulia.

"Aliukataa. Alisema wamemkataza kula. Mimi nikamwambia, Baba Stella, kunywa tu, hapo hujala kitu. Nikamshikia kikombe."

"Kosa si lako. Unanisikia? Si lako hata kidogo. Wao ndio walitakiwa kujua."

"Nakusikia, afande."

Theopista alimfungulia mlango wa gari. Anyesi aliutazama, akashukuru kwa adabu, akageuka. Alivuka ua, akapanda ngazi za kituo, akafika kaunta, akamwomba askari wa zamu amfungulie mahabusu arudi ndani.